Mzee bado anaendesha gari: nani wa kusema sasa basi?

#1 Mwana wa Pili

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka chini.

Baba yangu ana miaka 79 na bado anaendesha. Sisi watoto tumegawanyika mafungu matatu. Dada anataka funguo zifichwe leo kabla ya kesho. Mdogo wetu anasema mwacheni mzee wa watu, mnamzeesha kabla ya siku zake. Kaka mkubwa anasema tumuulize mwenyewe, akijibu kuwa yuko vizuri basi yuko vizuri, mjadala umefungwa. Rai ya kaka ndiyo inayosikika ya heshima kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo mbovu kuliko zote. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Ubovu wake uko hivi. Mambo mengi yanayomharibia mzee uendeshaji yanajificha kwa mwenyewe kwanza. Chukua presha ya macho. Mara nyingi inaanza kula uoni wa pembeni na kuacha wa katikati. Mgonjwa haoni doa jeusi popote, kwa sababu ubongo unajaziajazia pale palipopotea. Anasoma kibao cha mbali bila taabu, barabara anaiona nzima. Halafu mwendesha baiskeli "anatokea ghafla". Hakutokea ghafla, alikuwepo pale muda wote. Ukimuuliza mtu wa namna hii kama anaona vizuri, atakwambia anaona, na hajakudanganya hata kidogo.

Ugonjwa wa kusahau ndio kabisa, maana ule uwezo wa kujipima nao huliwa na ugonjwa. Anayepoteza funguo na kukasirika kwamba amepoteza funguo, huyo bado ana nafuu. Mwenye kuwatia watu hofu ni yule anayepotea njia aliyoipita miaka yote kisha anasema barabara wameibadilisha.

Na hata asiyeumwa chochote, mwanga unampungukia. Jicho la mtu wa miaka 60 linafikisha ndani kama theluthi tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni inasinyaa na lenzi inapata umanjano. Akipigwa na taa za gari la mbele, macho yanachelewa kurudi. Kwa kuwa mabadiliko haya yanakuja kidogo kidogo kwa miongo, hakuna asubuhi ambayo mtu anaamka na kusema jana niliona zaidi.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza. Nakaa kiti cha abiria, nafunga mdomo, naangalia.

Niliyoyaona kwa baba ni haya. Kwenye barabara iliyonyooka hana tatizo, pengine ananishinda mimi kwa utulivu. Tukifika makutano ndipo mambo yanabadilika. Anasimama vizuri. Shingo haigeuki tena, kwa hiyo anageuza mabega yote, na usukani unafuata mabega, gari linainama kidogo upande anaotazama. Kisha ananiuliza, "Huko kwako kweupe?" Nikanyamaza makusudi. Akasubiri. Nyuma wakaanza kupiga honi. Hapo ndipo akili ilinijia kwamba mama, ambaye hana leseni wala hajawahi kushika usukani, amekuwa taniboi wa baba kwa muda mrefu sana: "subiri", "hilo linakuja", "haya twende". Tulidhani ni mazungumzo ya wazee. Kumbe gari lilikuwa linaendeshwa na watu wawili, na mmoja akibaki nyumbani linaendeshwa na nusu dereva.

Anayejua takwimu za ajali hatashangaa kwamba ni makutano. Kijana anagonga kwa mwendo kasi, ulevi na usiku wa manane. Mzee mara nyingi si mlevi wala hakimbizi gari. Ajali zake ziko pale pa kupisha na pa kukata kona mbele ya magari yanayokuja, kwa sababu pale anatakiwa kukisia kasi ya gari la mbali, kuangalia mtembea kwa miguu na kuamua, vyote kwa mpigo.

La pili ni miguu. Julai 2003 huko Santa Monica, California, mzee wa miaka 86 aliingia na gari katikati ya soko la wazi, watu 10 wakafa. Aprili 2019, mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 alimuua mama na binti yake wa miaka 3. Yule wa Tokyo alishikilia mahakamani kwamba gari ndilo lililoharibika. Mahakama ikaona alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 akafungwa miaka 5. Mimi naamini hakuwa anatunga. Mtu akishaamini mguu uko kwenye breki na gari linazidi kukimbia, atakachofanya ni kukandamiza zaidi. Ongeza hapo kisukari kinachoua hisia za nyayo, mguu haujui hata umekanyaga nini.

Sasa swali langu kwenu. Mwenyewe hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake, na sisi watoto tuna woga wetu na ubinafsi wetu. Nani basi aseme? Na likishasemwa, linatekelezwaje bila kumvunja mzee?

#2 Fupi Tamu

Sisi tulichomoa waya wa betri. Kwisha habari.

#3 Mpima Macho

Mleta uzi umeeleza vizuri. Naongeza kidogo kwa upande wa kazini kwangu, hasa kwa wale wanaotaka kuficha funguo kabla ya kwenda hospitali.

Si kila kinachomwangusha mzee barabarani ni cha kudumu. Mtoto wa jicho unatolewa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliofuatilia madereva wazee wenye mtoto wa jicho. Waliofanyiwa upasuaji walipata ajali kwa kiwango cha karibu nusu ya wale ambao hawakufanyiwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho anakulalamikia taa za magari zina miale na rangi zimefifia, familia inasema "uzee huo". Presha ya macho ni kinyume chake, kilichoondoka hakirudi, lakini ikiwahiwa kinachobaki kinalindwa. Na kusoma herufi ukutani peke yake hakutoshi kuigundua. Ombeni kipimo cha uoni wa pembeni, ile mashine ya kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga.

Pili, mwageni dawa zote za mzee mezani. Dawa za usingizi, za wasiwasi, za mafua na mzio zile za zamani zinazolaza, dawa kali za maumivu. Mzee anaweza kuwa ameandikiwa na madaktari watatu tofauti na hakuna kati yao anayejua ya mwenzake. Anayechoma insulini naye, sukari ikishuka akiwa kwenye usukani anaonekana kama mlevi. Nimeona mzee aliyekuwa "ameshindwa gari" akarudi sawasawa baada ya kuondolewa kidonge kimoja cha usiku. Msiache kidonge wenyewe lakini, daktari ndiye apunguze. Nyingine zikikatwa ghafla zina balaa lake.

#4 Mzee Kobe

Nimewasoma wanangu. Nina miaka 76, naendesha, na nashangaa mnavyotujadili kana kwamba humu jukwaani hatumo.

Niseme yangu. Dereva wa miaka 18 ana hatari kubwa zaidi ya kugonga kuliko wa miaka 70, karibu kila nchi inayotunza hesabu. Huyo hakuna anayemwitia kikao. Tena Denmark waliwahi kuweka kipimo cha akili kwa wazee wanaohuisha leseni. Watafiti wakalinganisha kabla na baada. Ajali za vifo za madereva wazee hazikubadilika, ila waliongezeka wazee waliouawa wakitembea kwa miguu na wakiendesha baiskeli. Maana yake mmemshusha mtu kwenye bati, mmemweka barabarani na mifupa yake.

Nani aseme? Mimi nishajisemea. Usiku siendeshi. Mvua kubwa siendeshi. Barabara kuu ya malori nimeiacha, nazunguka kwa nyuma, na nikiwa nimegombana na mtu siondoki na gari. Haya hakuna mtoto aliyeniambia.

Lakini niwaambieni msichokijua. Mnaposema "acha gari, ukitaka kwenda popote piga simu tu", mimi nishapiga hizo simu. "Mzee nipe nusu saa." "Mzee leo imebana, kesho je?" Mtu mzima anaanza kupanga maombi: hili la hospitali niombe, lile la kumtazama rafiki yangu mgonjwa niliache, wataona nasumbua. Mwisho unabaki na safari za hospitali peke yake. Hapo hata mwenye afya anaugua.

Na wewe wa betri, mzee wako ataita fundi.

#5 Fupi Tamu

Shikamoo mzee. Ni kweli alimwita. Fundi alifungua boneti, akacheka, akarudisha waya, akaondoka. Baba akajua ni sisi. Mpaka leo akitaka kutoka anafungua boneti na kukagua kwa macho yake kwanza.

#6 Msomaji Kimya

😂😂 Kipimo changu ni kimoja: je, ungempakia mwanao mdogo kwenye gari la babu yake akaondoka naye bila wewe? Ukisita, jibu unalo.

#7 Binti Mlezi

Nimecheka ya fundi, ila naomba tutenganishe vitu viwili. Mzee mwenye akili timamu ambaye mwili umechoka, huyo kumfanyia hila ni kumdhalilisha, Mzee Kobe yuko sahihi. Mgonjwa wa kusahau ni habari nyingine.

Mama yangu aliendesha mpaka ugonjwa ulipokuwa umeshaingia. Dalili zilianza kwenye gari kabla hazijaonekana nyumbani. Bampa lina mkwaruzo, hajui umetoka wapi. Taa ya kijani imewaka, anasimama. Siku moja nimekaa naye nikaona miguu yote miwili inafanya kazi, mmoja kwenye breki mwingine kwenye mafuta, kwa wakati mmoja, gari linanguruma haliendi. Otomatiki hiyo.

Tulimbembeleza. Anakubali, analia, anakukumbatia. Kesho asubuhi anatafuta funguo. Makubaliano yamefutika usiku, ila uchungu wa kuambiwa "huwezi" unabaki hata kama sababu yake haikumbuki. Kila siku tulikuwa tunamfukuza kazi upya. Nani angevumilia hilo? Sisi wala yeye.

Kilichotusaidia ni karatasi ya daktari. Nilimwomba aandike kwa mkono, maneno machache: usiendeshe gari, na sahihi yake. Mama aliheshimu sana madaktari. Akitafuta funguo namletea karatasi, anasoma mwenyewe, anasema "basi, kama daktari amekataza". Lawama zikatoka kwetu zikaenda kwa mtu asiyekuwepo nyumbani. Kisha gari likahamishiwa kwa dada. Kama halionekani, halimkumbushi. Funguo zikibaki ukutani kila siku ni vita.

Kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hiyo ndiyo, ondoa gari, na usijisumbue kumshinda kwa hoja.

#8 Mwana wa Pili

Asanteni sana. Nianze na Mzee Kobe, shikamoo mzee wangu.

Ya Denmark nimeyasikia na yana uzito. Ila na wewe usiishie miaka 70. Ukihesabu ajali kwa kilomita zinazoendeshwa, hatari inaanza kupanda tena kwenye miaka ya 75 hivi, na kuvuka 80 inapanda waziwazi. Sehemu ya sababu ni hiyohiyo uliyoitaja, mifupa: ajali ambayo kijana anatoka na jeraha, mzee hatoki. Na hiyo orodha yako ya usiku, mvua na malori ni nzuri, ila imejaa vitu unavyoviona. Wasiwasi wangu ni visivyoonekana na mwenyewe. Nadhani kipimo cha Denmark kilifeli kwa sababu kiliwaswaga wote kwa umri. Mtu mmoja mmoja, kwa kupimwa barabarani na mtu mgeni, ni jambo lingine. Nchi nyingine wapo wataalamu wa tiba kazi ambao kazi yao ni hiyo, wanakaa na mzee kwenye gari lenye breki mbili. Pasipo na mtaalamu, mwalimu mzoefu wa udereva ambaye hamjui mzee wala ukoo wake anatosha kwa kuanzia.

Uingereza leseni inaisha ukifika miaka 70, unaihuisha kila miaka 3, lakini unajaza mwenyewe kwamba uko mzima. Ndiyo ileile rai ya kaka yangu, imewekwa muhuri. Januari 2019 Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham. Gari lake likapinduka. Yeye alitoka salama, wanawake wawili wa gari la pili wakaumia, na mtoto wa miezi 9 aliyekuwemo hakupata kitu. Alisema jua lilimpiga machoni. Mwezi uliofuata akarudisha leseni. Kama kuna mzee duniani aliyekuwa na dereva wa kumpeleka popote, ni yule. Kwa hiyo si usafiri peke yake unaomshikiza mzee kwenye usukani, na hapo sina dawa.

Japani ndiko nilikoona kitu cha kuiga. Tangu 1998 mzee anaweza kurudisha leseni kwa hiari, na siku hizi akiomba anapewa cheti kinachoonyesha kuwa alikuwa dereva. Cheti hicho ni kitambulisho, na sehemu nyingi kinampa punguzo la basi au teksi. Mwaka 2019, baada ya ile ajali ya Ikebukuro, waliorudisha walifika kama 600,000. Angalieni ujanja wake: haondoki mikono mitupu, na karatasi aliyonayo inasema alikuwa dereva, haisemi ameshindwa.

Binti Mlezi, ya kumfukuza kazi upya kila siku imenigusa. Pole sana.

#9 Mpima Macho

Kuhusu huzuni aliyoisema Mzee Kobe, si maneno ya jukwaani tu. Uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa, ukatoka mwaka 2016, ulikuta wazee walioacha kuendesha wana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na dalili za sonona. Tukimwachisha mzee gari tumtazame miezi inayofuata. Akianza kukataa kutoka hata anapopewa lifti, hiyo si deko.

#10 Mzee Kobe

Marahaba wanangu. Mwana wa Pili, la makutano umenishika. Nimekwenda kujitazama. Shingo yangu upande mmoja imegoma, na sikuwa najua. Nitakwenda kupimwa hayo macho kwa mashine ya kitufe, nione.

Sasa nikwambie utakavyokwenda kwa baba yako, kwa kuwa umeuliza linatekelezwaje. Usiende na kikao. Mkija wanne mmevaa nyuso za msiba atapigana, hata kama alikuwa anafikiria kuacha. Nenda peke yako. Usiseme watu wana wasiwasi. Sema ulichokiona, makutano gani, siku ipi. Mwenye akili timamu hawezi kubishana na makutano.

Ukiwa na la kumpunguzia, mpunguzie safari kabla ya leseni. Aanze kuacha usiku, kisha barabara kubwa, abaki na njia zake za mchana. Na kabla hujapunguza, andika pembeni gari linampeleka wapi kwa wiki nzima. Si hospitali tu. Kinyozi, ibada, kwa yule rafiki yake wa kubishana naye. Kila safari iwe na mtu wake na siku yake, inayojulikana, bila yeye kupiga simu kuomba. Jumanne ni fulani, Ijumaa ni fulani. Mtu akishindwa siku yake atafute mbadala yeye, si mzee. Ukimletea ratiba ataisoma. Ukimletea ahadi, hizo anazo nyingi.

Mama yako naye muulizeni. Yeye ndiye anayejua yote tangu zamani, na gari likiondoka, yeye pia anabaki bila usafiri. Hakuna kati yenu aliyemtaja kwa hilo.

#11 Msomaji Kimya

Hii ya mama kweli tumeiruka wote.

#12 Mwana wa Pili

Nimepokea, mzee. Nitaanza na mama, kisha macho na dawa za baba kama alivyoelekeza Mpima Macho, kabla ya kugusa habari ya funguo. Dada nimemwambia asubiri, amenuna. Kaka nimemtumia uzi huu, amesoma mpaka #3 akaniuliza kipimo cha uoni wa pembeni kinafanyikaje. Nikamwambia na yeye akapimwe, ana miaka 55 na babu alikuwa na presha ya macho.

Mrejesho nitaleta.

#13 Fupi Tamu

Tunasubiri mkuu. Betri usiguse.